Jinsi ya Kuhukumu Mashindano ya Kazi za Ngozi kwa Haki: Mwongozo Kamili kwa Majaji na Waandaaji

Malalamiko yanayofuata mashindano ya kazi za ngozi hufanana. Mkoba uliojaa nakshi umeshinda ilhali mshono wake wa ndani umelegea. Jaji mmoja ametoa alama 3 pale wenzake walipotoa 8. Mshindi ni mwanafunzi wa mmoja wa majaji na kila mtu anajua. Mara nyingi hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake. Kilichokosekana ni maamuzi yaliyopaswa kufanywa kabla kazi ya kwanza haijawekwa mezani, na mazoea ya kudai kwamba kila alama iwe na ushahidi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole juu ya kazi yenyewe.

Hatua zifuatazo zinafuata mpangilio wa wakati. Anayezianza katikati, siku ya mashindano yenyewe, atakuwa amekwisha kuchelewa.

## Vifaa vinavyohitajika

- Meza pana iliyofunikwa kwa kitambaa safi kisicho na rangi inayotoka.
- Taa mbili: moja ya juu yenye mwanga mweupe wa kawaida, wa takriban kelvini 5,000, na nyingine ndogo inayoweza kulazwa pembeni mwa kazi.
- Lenzi ya kukuzia mara 5 hadi 10.
- Rula ya chuma yenye milimita, na kalipa ya kupimia unene.
- Kioo kidogo na tochi kwa ajili ya kuangalia ndani ya mikoba na mifuko.
- Karatasi za alama, moja kwa kila jaji na kila kazi, pamoja na kalamu za wino. Penseli isitumike, kwa kuwa alama iliyofutwa haiachi ushahidi.
- Kamera au simu ya kupigia picha kazi zinapopokewa.
- Sabuni, maji na taulo. Mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu za pamba, ambazo humnyima jaji hisia ya ncha za vidole anapokagua kingo. Kwa ngozi nyeupe au isiyotiwa rangi, glavu nyembamba za mpira zinafaa.

Pete, bangili na saa zivuliwe. Chuma kinapokutana na jasho juu ya ngozi iliyochakatwa kwa magome ya miti, tanini iliyomo ndani ya ngozi huacha doa jeusi lisilotoka kwa urahisi, na doa hilo litakuwa limewekwa na jaji.

## Hatua ya 1: Tenganisheni makundi na masharti kabla ya kutangaza shindano

Mkanda, ala ya kisu, pochi na picha iliyochongwa kwenye ngozi haviwezi kulinganishwa kwa haki vikiwa katika kundi moja, kwa sababu kila kimoja kinadai ustadi wa namna yake. Gawanyeni kwanza kwa aina ya kazi, kisha kwa uzoefu wa fundi ikiwa washiriki wanatosha.

Masharti yaseme wazi kama cherehani inaruhusiwa, kama nakshi zilizochomwa kwa leza zinaruhusiwa, na kama kielelezo cha kukatia kilichonunuliwa kinakubalika. Mimi sioni ubaya wowote katika kutumia kielelezo cha kununua. Ubaya upo katika kukiwasilisha kama ubunifu wa mtu binafsi. Kwa hiyo fomu ya kujiandikisha imtake mshiriki aeleze kielelezo kimetoka wapi, ni sehemu zipi zilizofanywa kwa mashine, na kama kuna mtu mwingine aliyeshiriki kuitengeneza kazi.

Ulizeni pia aina ya ngozi. Mamba na chatu wote wameorodheshwa katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, na bidhaa za ngozi zao zinaweza kuhitaji vibali zinapovuka mpaka. Nyaraka zikaguliwe wakati wa kujiandikisha. Jaji anayekumbana na swali hili akiwa tayari ameshika mkoba mezani hana namna nzuri ya kulijibu.

Hatua hii imefanikiwa ikiwa mtu asiye fundi anaweza kuyasoma masharti na kusema kazi fulani iingie kundi gani, bila kumuuliza mwandaaji.

## Hatua ya 2: Pangeni vigezo, uzito wake na maana ya kila alama

Kwa kazi za matumizi kama vile mikoba na pochi, mgawanyo ufuatao wa alama 100 hufanya kazi vizuri:

- Ukataji na uunganishaji: 30
- Mshono: 25
- Kingo: 15
- Nakshi, rangi na umaliziaji: 15
- Usanifu na utumikaji: 15

Kwa picha zilizochongwa mgawanyo lazima ubadilike: ukataji wa kisu na ugongaji wa mihuri (vyuma vya kupigia alama kwenye ngozi) 45, utunzi wa picha 25, rangi na umaliziaji 20, uwasilishaji 10. Kutumia karatasi moja kwa makundi yote ndiko kunakofanya mkoba wenye maua mengi uushinde mkoba utakaodumu miaka mingi.

Kila kigezo kipewe alama kati ya 0 na 10, kisha alama hiyo izidishwe kwa uzito na kugawanywa kwa 10. Maana ya namba iandikwe juu ya karatasi ya alama:

- 9–10: hakuna kasoro inayoonekana, au inaonekana kwa shida hata kwa lenzi.
- 7–8: kuna kasoro ndogo zinazoonekana kwa ukaguzi wa karibu tu.
- 5–6: kasoro zinaonekana kwa umbali wa mkono lakini haziathiri matumizi.
- 3–4: kuna kasoro zitakazofupisha maisha ya kazi.
- 0–2: sehemu hiyo haifanyi kazi iliyokusudiwa.

Onyo: msiweke kigezo kinachoitwa “mvuto wa jumla”. Kigezo hicho hakina ushahidi, na jaji asiyependa rangi nyekundu hupata hapo mahali pa kuificha chuki yake.

## Hatua ya 3: Chagueni majaji na mshughulikie uhusiano wao na washiriki

Majaji watatu ndio wachache kabisa wanaofaa, na watano ni bora zaidi, kwa kuwa alama moja iliyopotoka haina nguvu kubwa mbele ya nne nyingine. Wachanganyeni: fundi mchonga nakshi peke yake atauona mshono kijuujuu, na fundi wa matandiko anaweza kuidharau kazi nyembamba ya pochi.

Kila jaji ajaze tamko la maandishi kuhusu washiriki waliojiandikisha: ndugu, mwanafunzi, mwalimu, mshirika wa biashara, au mtu aliyemuuzia au kununua kazi kwake. Tamko hili linahitajika hata kama majina yatafichwa, kwa sababu ufundi wa ngozi una watu wachache na mzoefu huutambua mkono wa fundi kwa mihuri yake, kwa upana wa mshono wake, hata kwa jinsi anavyozungusha pembe.

Jaji mwenye uhusiano aondoke katika kundi zima, si katika kazi moja tu. Wengi hukosea hapa. Akiruhusiwa kuruka kazi ya rafiki yake na kuendelea na nyingine, bado anaweza kumsaidia kwa kuwashusha washindani wake, pengine bila yeye mwenyewe kutambua.

## Hatua ya 4: Pokeeni kazi na kuficha majina

Anayepokea kazi asiwe jaji. Aipe kila kazi namba kwa kura, bila kufuata mpangilio wa kufika, kisha orodha inayounganisha namba na majina ifungwe ndani ya bahasha hadi matokeo yatakaposainiwa.

Pigeni picha kila kazi mbele, nyuma, pande zote na ndani, na muandike kasoro zilizokuwepo tangu mwanzo. Picha hizi ndizo zitakazomlinda mshiriki na mwandaaji pia endapo mkwaruzo utaonekana baadaye.

Muhuri wa fundi, yaani alama inayomtambulisha, ufichwe kwa ukanda wa karatasi uliozungushwa na kufungwa kwa uzi. Msibandike utepe wa gundi juu ya ngozi, kwa sababu ukibanduliwa huweza kuondoka na rangi au nta. Kazi zihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua la dirishani. Ngozi isiyotiwa rangi iliyochakatwa kwa magome hubadilika na kuwa ya kahawia inapopigwa na mwanga, na ikiwa imefunikwa nusu itapata mstari.

## Hatua ya 5: Linganisheni mizani ya majaji

Kabla ya kugusa kazi za mashindano, wapeni majaji kazi tatu zisizoshindanishwa: moja nzuri, moja ya wastani, na moja yenye kasoro zilizojificha. Kila mmoja aandike alama zake kimya, kisha zisomwe kwa sauti.

Pale ambapo tofauti katika kigezo kimoja inazidi alama 2, kila jaji aonyeshe alichokiona. Mara nyingi itagundulika kwamba mmoja hakuifungua mifuko ya ndani, au kwamba mwingine huanza kila kazi na 10 na kupunguza, wakati mwenzake huanza na 5 na kuongeza. Lengo si kuwafanya wote wapende kitu kimoja, bali namba 7 iwe na maana moja mikononi mwa kila mmoja. Rudieni kwa kazi nyingine hadi tofauti zipungue.

## Hatua ya 6: Kagueni kazi

Anzeni kwa kuzipitia kazi zote za kundi bila kuandika namba, ili kila jaji ajue upeo wa ubora uliopo. Bila mzunguko huu, kazi za mwanzo huadhibiwa, kwa kuwa jaji huzizuia alama za juu akitarajia kitu kizuri zaidi mbele.

Katika mzunguko wa pili, kila jaji aanze na namba tofauti, na akague kigezo kimoja kwa kazi zote kabla ya kuhamia kingine: mishono yote, kisha kingo zote. Ni kazi inayochosha zaidi, lakini inazuia uzuri wa nakshi usivutie juu alama za mshono. Pumziko la macho litolewe baada ya kila saa moja hivi.

### Ukataji na uunganishaji

Angalia kama pande zinazopaswa kulingana zinalingana kweli. Weka rula, usiliamini jicho. Chunguza mahali tabaka zinapokutana: unene unapaswa kupunguzwa kwenye mikunjo na kwenye miungano, la sivyo pembe hufura na mkunjo hupasuka. Tafuta gundi iliyovuja, na bonyeza taratibu bitana kuona kama kuna mapovu ya hewa.

Angalia pia uchaguzi wa ngozi. Ngozi ya tumboni huvutika, hivyo mkanda uliokatwa humo utarefuka na kupinda kwa matumizi, hata kama siku ya mashindano unapendeza. Nyuzi zilizolegea upande wa nyama na mikunjo inayotokea juu ya ngozi ikikunjwa kidogo ni dalili zake.

### Mshono

Usiulize kwanza kama mshono ni wa mkono au wa cherehani, isipokuwa masharti yanataka hivyo. Uliza kama ni imara na kama umenyooka.

Katika mshono wa mkono wa sindano mbili, uzi hupita pande zote mbili katika kila tundu, na upande mmoja ukikatika mwingine huendelea kushika. Sura ya nyuma ikaribiane na ya mbele. Mshono uliopendeza mbele na kuyumbayumba nyuma unaonyesha kwamba msharasi, yaani chuma cha kutobolea ngozi, haukushikwa wima. Katika mshono wa cherehani, nyuzi mbili zinapaswa kukutana katikati ya unene wa ngozi. Ukiona uzi wa chini umelala moja kwa moja na vifundo vidogo vikijitokeza juu yake, mkazo haukuwekwa sawa.

Pima mishono kumi mfululizo mahali pawili tofauti. Nafasi ya milimita 3 hadi 4 ni ya kawaida kwa pochi, na kazi nzito kama hatamu au tandiko huvumilia nafasi pana zaidi. Udogo wa mishono si ubora kwa nafsi yake: matundu yakikaribiana mno kwenye ngozi nyembamba huwa mstari wa kuchanikia. Malizia kwa kutazama mwanzo na mwisho wa uzi, ambako ndiko mshono huanza kufumuka.

### Kingo

Pitisha ncha ya kidole bila kutumia ukucha, kisha elekeza taa ya pembeni. Ukingo uliosuguliwa vizuri huakisi mwanga kwa mstari usiokatika, na tabaka zake hazitambulikani kwa urahisi. Ukingo uliopakwa rangi nzito ukaguliwe kwenye mikunjo, ambako ufa huanzia.

Haki inahitaji ujuzi hapa. Ngozi iliyochakatwa kwa magome hung'aa ikisuguliwa. Iliyochakatwa kwa chumvi za kromu kwa kawaida haikubali, hivyo fundi huipaka rangi au huikunja pembeni. Jaji anayekata alama kwa sababu tu ukingo umepakwa rangi anaiadhibu ngozi, wala si fundi.

### Nakshi, rangi na umaliziaji

Laza taa iwe karibu sambamba na uso wa ngozi. Mwanga wa juu huficha makosa mengi. Mistari ya kisu iwe na kina kinachofaa, kama theluthi moja ya unene wa ngozi na isizidi nusu, na ncha zake zififie taratibu badala ya kuishia ghafla. Alama za muhuri wa kulaza, unaoshusha ngozi kando ya mstari wa kisu, zisionekane moja moja kama ngazi. Usuli, yaani sehemu inayozunguka picha, uwe na kina sawa kila mahali.

Unyevu wa ngozi wakati wa kugongwa huacha ushahidi. Ikiwa ilikuwa na maji mengi mno, alama hufura na kupoteza makali. Ikiwa kavu mno, huwa za juujuu na zilizopauka. Ngozi iliyoloweshwa kwa kiasi hupata rangi iliyokolea pale ilipogandamizwa, na hiyo ni sifa, si uchafu.

Kuhusu rangi, tafuta mabaka, rangi iliyopita mipaka na nta iliyoganda kwenye mashimo ya nakshi. Jaribio la kugandamiza kitambaa cheupe kikavu lifanywe tu ikiwa masharti yalilitaja, na mahali pasipoonekana.

### Usanifu na utumikaji

Itumie kazi kama mwenyewe atakavyoitumia. Fungua na ufunge bizimu, ingiza kadi kwenye pochi, inua mkoba kwa mpini wake. Ala ya kisu ijaribiwe kwa kisu chake, na mwandaaji au mwenye ujuzi ndiye awe anakishika: ala isiyokishika kisu kikigeuzwa juu chini, au ambayo ndani yake makali ya kisu yanakutana na uzi wa mshono, ina kasoro ya usalama na haipaswi kupata zaidi ya 4 hapa hata ikiwa imepambwa vipi.

Onyo: usivute kwa nguvu wala kukunja kupita matumizi ya kawaida. Kinachovunjika mkononi mwa jaji hakithibitishi kitu.

## Hatua ya 7: Andikeni kimya, kisha mjadili

Kila jaji aandike alama zake peke yake, bila kuguna, kutikisa kichwa wala kuita wenzake waje waone. Neno moja kutoka kwa jaji mkubwa kwa umri au sifa hutosha kuvuta alama za wengine.

Kila alama iliyo chini ya 5 au juu ya 8 iambatane na sentensi moja ya ushahidi. “Mshono mbaya” si ushahidi. “Mishono minne ya mwisho, upande wa kushoto chini, imelegea” ni ushahidi.

Mjadala ufunguliwe baada ya karatasi zote kukabidhiwa. Jaji anaweza kubadili alama ikiwa ameonyeshwa jambo ambalo hakuliona, kwa mfano uzi uliokatika ndani ya mfuko. Alama ya zamani ikatwe kwa mstari mmoja unaoiacha isomeke, na sahihi iwekwe kando yake. Kubadili kwa sababu ladha ya mwenzako imekushinda nguvu hakuruhusiwi.

## Hatua ya 8: Jumlisheni bila kumpa jaji mmoja nguvu ya wote

Kujumlisha moja kwa moja kuna hatari ambayo waandaaji wengi hawaioni. Chukua kazi mbili. Kazi ya kwanza imepata 8, 8 na 3. Ya pili imepata 7, 7 na 9. Kwa jumla ya 23 dhidi ya 19, ya pili inashinda, ilhali majaji wawili kati ya watatu waliiona ya kwanza kuwa bora. Anayetumia namba zilizotawanyika sana ndiye anayeamua mshindi.

Palipo na majaji watatu, tumieni alama ya katikati: zipangeni kwa ukubwa na kuchukua ya kati, kwa kila kigezo. Palipo na watano, ondoeni ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha mtafute wastani wa tatu zilizobaki. Kanuni itakayotumika itangazwe kabla ya shindano, pamoja na namna ya kuamua sare. Napendekeza alama ya uunganishaji iamue kwanza, kisha ya mshono.

Njia hizi hazimruhusu mtu kupuuza alama ya pekee. Huenda yule aliyetoa 3 ndiye peke yake aliyeukuta ufa. Someni ushahidi wake, mkaitazame kazi tena wote, kisha ndipo hesabu ifungwe.

Hesabu zifanywe na watu wawili, kila mmoja kivyake. Jumla zao zikilingana kwa kila kazi, majaji wasaini, na baada ya sahihi ndipo bahasha ya majina ifunguliwe.

## Hatua ya 9: Toeni maoni, pokeeni rufaa, rudisheni kazi

Kila mshiriki apewe karatasi zake za alama, bila majina ya majaji ikiwa masharti yalisema hivyo. Maoni yataje jambo moja lililofanywa vizuri kwa mahali pake, na kasoro moja au mbili zilizopunguza alama nyingi zaidi, pamoja na sababu yake ya kifundi. Ushauri wa kununua kifaa au ngozi kutoka kwa mtu fulani usiandikwe.

Rufaa ipokewe kwa maandishi, ndani ya muda uliotangazwa, na ihusu utaratibu au jambo linaloonekana: hesabu iliyokosewa, kazi iliyowekwa katika kundi lisilo lake, uhusiano ambao haukutajwa. Kutoridhika na alama peke yake si msingi wa rufaa. Isikilizwe na mtu ambaye hakuwa jaji.

Wakati wa kurudisha, ilinganisheni kazi na picha za siku ya kupokelewa mbele ya mwenyewe, kisha asaini. Karatasi za alama, matamko ya majaji na orodha ya namba vihifadhiwe pamoja hadi muda wa rufaa uishe na kila rufaa iwe imejibiwa. Picha za kazi zisichapishwe popote bila idhini ya fundi, hasa zile zinazoonyesha muundo wa ndani, kwa kuwa alizitoa kwa ajili ya kuhukumiwa tu.